Ukuta wa Nyuma ya Pazia

Willis Oyaro alikuwa na mgongo mzee kuliko yeye mwenyewe. Ungemwona asubuhi akishika njia ya Makongeni, pampu ya dawa imemkalia mgongoni kama mtoto aliyegoma kutembea, ungedhani ni babu wa mtu. Kumbe hata mvi zilikuwa bado hazijamkubali. Kazi ndiyo iliyomkunja, kazi pamoja na watu wa Homa Bay, ambao ni watu safi, wasomi, wapenda viatu vinavyong'aa, hakuna kaunti inayowakaribia. Ila ukiwaambia watoe makochi nje wapuliziwe dawa ya mbu, wanakutazama kana kwamba umewaambia wauze figo.

Kila mwaka, kabla mvua za masika hazijashuka, maneno yalikuwa yale yale mlango kwa mlango. Mama, toa vyombo. Toa maji, toa chakula, toa mtoto. Ukirudi, fagia wadudu waliokufa. Usioshe ukuta. Na majibu nayo hayakubadilika.

"Dawa yenu inaamsha kunguni."

"Kwani kunguni walikuwa wamelala kwa nani, mama?"

Zamani Willis alijibu hivyo, ploti nzima, wapangaji wa ua mmoja, ikacheka, na wenye kunguni wakacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku hizi hata mzaha ulikuwa umemchosha. Aliinama tu, akasema, "Pole mama, toa vyombo," akangoja huku mikanda ya pampu ikimkata mabega.

Na si kwamba alikuwa mtu wa hivi hivi. Baba yake, kule Bonde la Lambwe, aliitundika porini mitego ya kitambaa cha buluu kunasa mbung'o, yule nzi mwenye tabia mbaya anayeleta malale. Mzee alipigana na nzi, mwana akapigana na mbu. Wako watu wanaojivunia babu aliyeua simba. Simba ameua wangapi huku kwetu? Yule mdudu mwenye miguu ya uzi ndiye aliyejaza makaburi kuanzia Homa Bay mpaka Migori, na anayemuua hatungiwi hata jina la sifa. Anaulizwa tu kuhusu kunguni.

Watu wengi hudhani kazi ya dawa ni kumfukuza mbu. Hapo ndipo wanapopotea. Mbu wa kwetu ana tabia ya mlevi: akishashiba hawezi kufika mbali, anaegemea ukuta ulio karibu na meza aliyonywea. Malaria yenyewe haimuumizi. Yeye ni gari tu, abiria ndio wabaya. Basi mpulizaji haangaiki kumkimbiza. Anauwekea ukuta dawa, mlevi anaegemea, mchezo unakwisha. Lakini ni lazima uwe ule ukuta anaouegemea, ule wa kando ya kitanda. Ukipuliza sebule ukaacha chumba cha kulala, umefunga dirisha ukaacha mlango.

Willis aliyajua hayo kama anavyojua jina lake, na ndiyo maana mwaka uliopita ulikuwa haujamtoka akilini.

Mkewe, Leonida, alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kule Karungu, upande wa Migori, ambako mitumbwi huingia alfajiri na mwenye kuchelewa hukuta magamba. Alirudi mara chache. Willis mwenyewe alipanga chumba kimoja cha mabati na kijana wa timu yake aitwaye Bravin, maana kipato cha msimu hakijengi. Kwa hiyo binti yao mdogo, Adhiambo, aliishi Makongeni kwa mama yake Leonida, Mama Peres, karibu na shule. Mama Peres alikuwa Msabato wa kweli, mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke wa mifupa mikubwa ambaye hata paka wa ploti walimheshimu.

Mvua za mwaka uliopita ndizo zilizomlaza Adhiambo. Homa ya kwanza vidonge vikaitoa. Ya pili ikaja kabla ya kwanza haijasahaulika. Ya tatu ikamchukua mpaka hospitali, macho yameingia ndani, midomo imekuwa rangi ya majivu. Daktari alivuta kope ya chini ya mtoto akamwonyesha Willis: pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama ukucha. Wakamtundikia damu ya mtu mwingine. Willis alikaa sakafuni kando ya kile kitanda cha hospitali, mikono yake ikinuka dawa ya kuta za watu, akasikia daktari akisema kwa uchovu wa mtu aliyesema hivyo mara nyingi, "Safari nyingine tunaweza kuchelewa."

Ploti nzima ya Makongeni ilikuwa imepuliziwa mwaka ule. Nzima, isipokuwa chumba kimoja. Siku ya dawa Mama Peres alifunga mlango kwa kufuli akaenda Karungu kumtembelea bintiye.

Sababu ilikuwa kuku.

Hapa ndipo Willis alipofanya kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya hata afundishwe. Alipokwenda kutoa mahari ya Leonida alihitaji wanaume wa kumsindikiza, na ndugu zake walikuwa wamebaki wachache, wengine hawaelewani naye. Basi akaichukua timu yake ya kazi. Bravin alikwenda. Machuki alikwenda, yule Mkisii mrefu anayeimba ndani ya barakoa. Walivaa mashati meupe, wakakaa kwa adabu, na walipoandaliwa kuku wa wakwe walimla mpaka mifupa ikaomba msamaha. Kwa desturi yetu, mwanamume akimsindikiza mwenzake kwa wakwe akala kuku yule, naye amekuwa mkwe. Kuanzia hapo mama wa nyumba hampi mkono ovyo, hali mbele yake, na chumba anacholala mama yule hatakanyaga wala hatachungulia. Ni mwiko mzito. Wazee wanasema mwiko wa namna hiyo huleta chira, ule ugonjwa wa kukonda usio na jina hospitalini.

Kwa kuku mmoja, Willis alikuwa ameifungia timu nzima ya wapulizaji nje ya chumba cha binti yake.

Chumba chenyewe hakikuwa hata chumba. Mjini mtu anapanga kuta nne. Mama Peres alikuwa ametundika pazia la maua katikati: mbele ya pazia ni sebule, na mkwe akija anakaa pale karibu na mlango, mgongo wake umelielekea pazia; nyuma ya pazia ni chumbani. Kitambaa tu. Lakini Willis alikuwa ameingia pale miaka mingi, na hakuwahi kujua kama nyuma ya kile kitambaa kuna dirisha.

Mwaka huu alijaribu kujipanga mapema. Alimpigia simu mwenzake wa timu ya Migori, watu ambao hawakumla kuku wa mtu Makongeni, akaomba wamwazime mpulizaji wa siku moja. "Kaka, hapa kwetu hatujamaliza hata nusu," yule akamjibu. "Ngoja wiki mbili." Willis akatazama ziwa. Wingu lilikuwa limeshajilaza upande wa Mbita kama ng'ombe aliyeshiba. Wiki mbili ilikuwa ni mvua.

Siku ya Makongeni ikaangukia Ijumaa.

Aliyetangulia kugonga milango alikuwa Emmah, mwenzao mpya wa timu. Msimu uliopita, akiwa na timu nyingine, Emmah alibeba pampu kama wanaume, ila sasa alikuwa na mimba, na mwenye mimba haruhusiwi kushika dawa. Akapewa spika ya mkononi na kazi ya kubembeleza. Walipofika mlango wa mwisho walimkuta Mama Peres amefunga kanga kifuani, ndoo miguuni, kitambaa cha maji mkononi. Alikuwa akiosha ukuta. Kila Ijumaa aliosha kuta zake zote, ili jua likizama Sabato iingie katika nyumba safi.

"Hujambo, mama. Leo ndiyo siku," Emmah akasema.

"Siku zote ni za Bwana. Hao nyuma yako ni kina nani?"

"Si ni wapulizaji, mama."

"Nawaona. Mwambie wuon Adhiambo nimemwona."

Wuon Adhiambo, baba Adhiambo, alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa. "Nakusalimu, mama," akasema kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake.

"Mwambie nimesikia."

Wanawake wa ploti, ambao vyombo vyao vilikuwa tayari uani, wakasogeza viti. Hakuna redio inayoshinda mtu na mama mkwe wake.

"Mama, mimi niingie haraka haraka, nafumba macho," Bravin akajitolea.

"Wewe? Si ndiwe uliyemaliza firigisi ya kuku wangu?" Mama Peres akamgeukia. "Wewe ni mkwe kuliko mwenye mke!"

Kicheko kikaruka ukuta. Machuki akasogea mbele akijisafisha koo. "Mama, mimi ni Mkisii. Hiyo desturi yenu hainihusu."

"Na kuku uliyemla alikuwa wa kabila gani?"

"Hata hivyo, mama..."

"Kwenu Kisii mtu anaingia mahali mama mkwe wake analala?"

Machuki akainamisha kichwa, helmeti ikashuka mpaka puani. "Kwetu hata kivuli chake hukanyagi," akakubali, na hapo mwanamke mmoja akaanguka kabisa kutoka kwenye kiti chake.

"Basi nipeni mimi hiyo pampu," Mama Peres akasema. "Nimepikia shule nzima kwa sufuria za kuni, nitashindwa na bomba la maji?"

"Si maji, mama, ni dawa," Emmah akamwambia. "Mtu ambaye hajafunzwa hashiki. Wakiniona nimekuachia, kazi yangu imekwisha."

Mama Peres akakikamua kile kitambaa taratibu. Naye alikuwa amechoka. Ungeona katika mabega. Akaufikiria mlango wake, akafikiria jua, akatoa alichoona ni haki. "Sawa. Wapulize huku mbele. Pazia lisiguswe. Wamalize waende."

"Hiyo ni sawa kabisa," Bravin akadakia, na tayari alikuwa akiinua mkono wa pampu.

"Hapana," akasema Willis.

Hakuwa amepanga kusema. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumwinulia mama yule macho juu ya kiwango cha mikono yake. Sasa akamtazama usoni.

"Mama, mbu hakai sebuleni. Mtoto analala wapi?"

Wanawake wakaacha kusogeza viti. Hata kuku waliokuwa wakichakura karibu na bomba walisimama, au ilionekana hivyo. Mkwe amemuuliza mama mkwe mambo ya kitanda chake, mchana, mbele ya majirani.

Mama Peres alimgeukia Emmah, akasema polepole, "Mwambie analala na mimi."

Hapo hapo akafika Adhiambo mwenyewe, ametoka shule, begi limemshinda, soksi moja imeshuka. Akawatazama watu wote.

"Baba! Ni wewe unaingia kwa Dani leo?"

Dani ndivyo alivyomwita bibi yake. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mama Peres hakucheka. Alimvuta mtoto kwa bega, akamgeuzia uso kwenye mwanga, na kwa kidole gumba kilichokuwa bado kimelowa akamshusha kope ya chini. Akatazama. Akavuta ya pili, akatazama. Kisha akamwachia. Mtoto hakushangaa hata kidogo. Alisimama vile anavyosimama mtu anayefanyiwa jambo hilo kila siku akirudi shule.

Willis alijua kile kidole kinatafuta nini. Yeye mwenyewe, kila alipokutana na mtoto langoni, alifanya vile vile, na alikuwa akidhani ni yeye peke yake. Akakumbuka alivyomwambia Bravin, wamelala kila mtu na upande wake, kwamba yule bibi bila shaka chandarua alichopewa amefunikia sukuma wiki. Aliyameza maneno yale sasa, yakapita vibaya.

Mama Peres alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Emmah," akasema, "kitanda kikitoka, kule nyuma kutabaki nini?"

"Ukuta, mama. Ukuta na sakafu."

"Basi kitoke. Pazia nalo lishuke. Chumba cha mtu ni kitanda chake. Bila kitanda ni mahali tu, kama stendi." Akainuka, goti likalia. "Lakini hao wakwe zangu wasikione kinavyopita."

Sasa kile kitanda hakikuwa cha mchezo. Seremala alikiundia mle mle ndani, kilikuwa hakijawahi kuuona mlango. Wanawake wa ploti wakaingia na jiwe la kusagia na kisu, wakagonga, wakasukuma, wakaitana majina. Wanaume waliamriwa wakasimame nyuma ya vyoo na wageukie mlima Asego. Wakasimama pale, watu wazima watatu wenye helmeti na barakoa, nyuso zimeuelekea mlima kama watoto waliopatikana na kosa shuleni, wakisikia mbao zikilia.

"Oyaro," Bravin akanong'ona, "siku ile ungetuambia tusile kuku."

"Ungekubali?"

Bravin akafikiri kwa haki. "Hapana."

Walipoitwa, kitanda kilikuwa uani vipande vipande, kimefunikwa mashuka, kanga, na juu kabisa kitambaa cheupe cha meza ya Sabato, na Adhiambo ameketi juu yake kama chifu. Wanawake wawili wa kanisani walikuwa wakipita njiani na mikoba yao ya soko. Mmoja akasimama, akamwita mama Leonida kwa Kiluo. "Min Leonida, unahama?"

"Nahama," akasema Mama Peres bila kugeuka. "Kabla jua halijazama nitakuwa nimerudi."

Kisha akamwambia Emmah, lakini kwa sauti iliyotaka kufika mbali, "Aingie mmoja tu. Aingie yule aliyezaa mtoto. Kama kuna chira inatafuta mtu, isisumbuke kuuliza njia."

Willis akaingia.

Mbele palikuwa kama alivyopajua: kiti chake karibu na mlango, kalenda ya kanisa. Akapita mahali ambapo pazia lilikuwa, na mguu wake ukasita wenyewe, kama punda kwenye daraja. Akauvuta. Nyuma kulikuwa na dirisha dogo, kumbe, linalotazama mtaro wa maji machafu. Misumari minne ya kutundikia chandarua. Sakafuni, alama nne za miguu ya kitanda, zimezama katika saruji kwa miaka.

Na ukuta.

Mama Peres alikuwa bado hajafika pale na kitambaa chake. Kuta zote za mbele zilikuwa zimeoshwa, ila huu wa kando ya kitanda ulikuwa umebaki, na toka kimo cha mto mpaka kimo anachofikia mtu aliyepiga magoti juu ya godoro, ulikuwa umejaa mapaku ya damu kavu. Yalikuwa madogo, ya kahawia, na mengine bado na mguu wa uzi uliogandamana. Kila paku lilikuwa kofi. Mwanamke mzee ameamka, amesikia mlio, ametafuta kwa tochi, amepiga kwa kiganja, amelala, ameamka tena. Na hayo yote yalikuwa ya wiki moja, maana Ijumaa iliyopita aliosha.

Willis alisimama na pampu yake. Sehemu ya damu ile ilikuwa ya bibi. Sehemu ilikuwa ya mtoto. Ile damu waliyoitundika hospitalini tone kwa tone, mbu walikuwa wakiirudisha kwenye ukuta, nayo tone kwa tone.

Akapandisha barakoa, akashusha miwani, akaanza. Juu kwenda chini, hatua pembeni, chini kwenda juu, mkono umenyooka vile vile, kasi ile ile, kama alivyofanya katika nyumba ambazo hawezi tena kuzikumbuka. Jasho likamwingia machoni na hakuweza kulifuta. Mgongo ukapiga kelele zake za kawaida. Alipofika kwenye mapaku hakuharakisha wala hakupunguza. Aliupitisha ukungu wa dawa juu yake mpaka ukuta ukalowa na yakawa meusi kidogo. Akamaliza kona, akamaliza nyuma ya mlango, akatoka.

Nje mwanga ulimchoma. Emmah alikuwa ameshika chandarua mikononi, amekikunja, na Willis akaona kilivyokuwa: kimetobokatoboka kwa uzee, na kila tundu limeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyobanana kama meno ya mtoto. Hakuna sukuma wiki iliyowahi kuona chandarua kile.

Mama Peres alikuwa amesimama karibu na kitanda chake kilichofunikwa, na kwa mara ya kwanza Willis alimwona ana haya. Hakuogopa chira. Alikuwa anaufikiria ule ukuta.

"Mwambie," akamwambia Emmah, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mwambie nilikuwa sijafika huko. Naosha kila Ijumaa. Mlikuja mapema."

"Mama," akasema Willis, macho yake yakiwa yamerudi kwenye viatu, "mimi sikuona kitu."

Mama yule akapumua.

"Ila hicho ambacho sikukiona, tafadhali usikioshe. Si wiki hii, si mwezi ujao. Mpaka mvua ziishe. Ukiosha unatoa dawa."

"Usikioshe!" Hapo Mama Peres akasahau kupitia kwa Emmah. "Sabato zangu zote ziingie na ukuta ule?"

"Zote, mama."

Alimtazama kama alivyowatazama maelfu ya watoto waliorudi na sahani kuomba nyongeza. Kisha akaichukua ile ndoo, akamwaga maji kwenye mtaro, yote, mpaka tone la mwisho, akaipindua ndoo juani. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Mvua zikashuka wiki ile ile, mvua za hasira, Makongeni ikawa na mito yake yenyewe. Timu ikahamia upande wa Ndhiwa, kisha karibu na Lambwe, ambako Willis alipita mahali mitego ya baba yake ilipokuwa ikining'inia na hakupata hata muda wa kusimama. Huko Ndhiwa ndiko Bravin naye alikopata mchumba, akatoa mahari yake, na kwa kukosa ndugu wa kutosha akaichukua timu. Kuku akaja amelala kwenye mchuzi mzito. Willis alikuwa hajala tangu asubuhi. Akaisukuma sahani, akaomba ugali na mboga.

"Huyu ana nini?" wenyeji wakauliza, karibu kukasirika.

"Mwacheni," akasema Machuki, ambaye naye alikuwa akiutafuna ugali mkavu huku akikitazama kidari kwa huzuni kubwa. "Lazima abaki mtu wa kuwapulizia."

Kule Makongeni Willis hakukaribishwa ndani. Kiti chake kilikuwapo, alikiona mlango ukiwa wazi, lakini hakuna aliyekitaja, naye hakuuliza. Kila Ijumaa aliyopata nafasi alipita njiani kabla ya jua kuzama, akakohoa langoni, Adhiambo akatoka. Malaria ilimpata mtoto mara moja katikati ya mvua, ile ya vidonge, akaipiga mateke akarudi shule. Damu ya mtu mwingine hakuihitaji tena. Willis hakulisema jambo hilo kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mwaka mmoja si miaka, na kwamba dawa huisha ukutani kama chumvi kwenye mtungi.

Ijumaa moja, mvua zikiwa zimebaki manyunyu tu, alikohoa langoni. Alikuwa ametoka kuosha pampu za msimu mzima, na mgongo ulikuwa umeinama hata bila mzigo. Adhiambo akaja mbio, akasimama mbele yake, akainua uso bila kuambiwa. Willis akamshusha kope kwa kidole gumba. Nyekundu, nyekundu ya pera lililoiva. Akatazama ya pili.

"Baba, Dani amenituma."

"Sema."

Mtoto akaweka mikono nyuma kama anayekariri mbele ya darasa. "Anasema zile alama ambazo hukuziona, ni zile zile. Anaziangalia kila Ijumaa na tochi. Hakuna mpya." Akavuta pumzi. "Na anauliza ataziosha lini, kwa sababu zimemchosha."

Willis aliutazama ule mlango wa mwisho. Pazia la maua lilikuwa limerudi mahali pake. Mbele yake, karibu na kiti, kivuli kikubwa kilikuwa kimesimama kikijifanya hakisikilizi.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie bado kidogo."

Akajishika kiuno, akajinyoosha mpaka pale mgongo ulipokubali, akashika njia ya kurudi.